NDAYE AANDIKWE KWA N AO KWA M?



Trimestri hii nzima swali moja limenifuata kila mahali: kwenye chemchemi, kwenye mstari wa bugali, hata mlangoni pa kanisa. "Kapita, tuambie basi, Ndaye ni wa N ao ni wa M?" Nimewajibu wengi kwa kinywa, lakini maneno ya kinywa yanapita kama maji ya mto, na kesho yake ubishi unaanza upya. Kwa hiyo nimeomba nafasi katika jarida letu ili nijibu mara moja kwa wote. Mtu asiseme kwamba ni neno dogo. Nilipoanza kulitafuta jibu, nami niliwaza hivyo. Sasa siwazi hivyo tena.

Wale wasiolala interna huenda hawaujui mchezo wetu, basi niueleze. Jioni, wakati taa zimezimwa na mvua inapiga mabati, mmoja anataja herufi. Kila mtu kwa zamu yake anataja mchezaji wa mpira wa kulipwa ambaye jina lake linaanza na herufi ile, awe wa zamani ao wa leo, wa kwetu ao wa ng'ambo. Anayekosa jina, ao anayerudilia jina lililokwisha kutajwa, anatoka. Wa mwisho kubaki ndiye mshindi, na zawadi yake ni kwamba kesho asubuhi hachoti maji. Mimi sichezi, mimi naamua. Na kwa kuwa kelele zilizidi, nilinunua kaye moja, nikagawanya kurasa zake kwa herufi, A mpaka Z, na kila jina lililokubaliwa naliandika mahali pake.

Ile kaye sasa imejaa, na inafundisha maneno ambayo hatukuyatafuta. Ukurasa wa Q uko na Quaresma wa Ureno peke yake, kama mjane. Ukurasa wa X uko na Xavi wa Hispania na Xhaka wa Uswisi. Ukurasa wa W uliokolewa na Yoane Wissa wetu. Ukurasa wa Z uko na Zidane na Zico. Lakini K na M! Hizo mbili zilimaliza kurasa zao, zikaingia katika kurasa za jirani, na mpaka leo kila usiku mtu anapata jina jipya la kuongeza: Kidiaba, Kakuta, Kabangu, Kompany, Mbemba, Mputu, Mbokani, Masuaku, Makélélé, Mandanda. Ukitaka kulala mapema usiseme K. Usiseme M.

Nilijiuliza: ni kwa sababu tunawapenda Wakongo wenzetu tu, ao ni kweli majina yetu yanakusanyika katika herufi hizo? Ili kujua, nilichukua orodha moja iliyofungwa, isiyoweza kuongezwa wala kupunguzwa na ushabiki wetu. Ni ile ya wachezaji 22 waliokwenda Ujerumani ya Magharibi mwaka 1974 kwa Kombe la Dunia, wakati nchi yetu iliitwa Zaire. Ekipe ile ilikuwa ya kwanza kutoka Afrika ya kusini ya Sahara kufika Kombe la Dunia. Wote 22 walicheza katika klabu za hapa nchini. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na mkataba wa Ulaya kama vijana wa leo.

Hii ndiyo orodha yao kwa herufi, kwa jina lililotangulia. B ni mmoja: Bwanga Tshimen. K ni kumi: Kabasu Babo, Kafula Ngoie, Kakoko Etepé, Kalambay Otepa, Kamunda Tshinabu, Kazadi Mwamba, Kembo Uba Kembo, Kibonge Mafu, Kidumu Mantantu na Kilasu Massamba. L ni mmoja: Lobilo Boba. M ni saba: Mana Mamuwene, Mavuba Mafuila, Mayanga Maku, Mbungu Ekofa, Mwanza Mukombo, Mwape Mialo na Mwepu Ilunga. N ni wawili: Ndaye Mulamba na Ntumba Kalala. T ni mmoja: Tubilandu Ndimbi. Jumla 22. Yaani K na M peke yao ni 17. Hakuna A, hakuna C, hakuna D, hakuna P, hakuna S.

Sababu yake si uchawi. Lugha zetu nyingi, kuanzia Kikongo kule mangaribi mpaka Kihunde na Kinyanga hapa kwetu, zinapenda kuanza neno kwa silabi fupi: mu, ma, ka, ki, lu, bu. Majina ya watu nayo yanafuata njia hiyo. Tena ndugu zetu Wanande wanawapa watoto majina kufuatana na namna walivyozaliwa. Mvulana wa pili ni Kambale, wa tatu ni Kasereka, wa nne ni Kakule. Hebu waza: watoto watatu wa mama mmoja, wote wako kwa K kabla hata hawajajifunza kutembea! Ndiyo maana wakati wa kuita majina darasani mwalimu anaanza haraka haraka, A, B, halafu anafika K na kuvuta pumzi.

Sasa tuje kwenye ubishi wenyewe. Usiku mmoja herufi ilikuwa N. Mmoja akasema Ndaye Mulamba. Mwingine akaruka: "Hapana! Ule iko mu M. Mi nilisoma mu telefone, banaandika Mulamba Ndaye." Wa kwanza akajibu: "Baba yangu anasemaka Ndaye, tangu zamani. Hakuna mutu anasemaka Mulamba." Interna ikagawanyika sehemu mbili. Wakanigeukia mimi. Nikawaambia walale, nitatafuta.

Nikatafuta kwa walimu, kwa wazee wenye kupenda mpira, na katika vitabu na telefone za wale waliokubali kuniazima. Nikaona kwamba wote wawili walikuwa wamesoma ao kusikia kweli. Jina ni lile lile, ila limegeuzwa. Tena si la Ndaye peke yake. Mwepu Ilunga, beki namba 2, katika vitabu vingine ni Ilunga Mwepu, na hapo M inapoteza mtu na herufi I inapata wake wa kwanza. Bwanga Tshimen, beki wa TP Mazembe, alichaguliwa mchezaji bora wa Afrika wa mwaka 1973, na katika orodha ya washindi utamkuta ameandikwa Tshimen Bwanga. Ukimtafuta kwa B utasema hakushinda kitu. Hata katika siku zetu ni hivyo. Tarehe 14 Desemba 2010, kule Abu Dhabi, TP Mazembe ilipiga Internacional ya Brazil mabao 2 kwa 0 na kuwa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la klabu. Mabao yalifungwa na Mulota Kabangu na Dioko Kaluyituka. Katika kaye yetu ni M na D, ao ni K na K? Na Muteba Kidiaba, golikipa aliyeshangilia kwa kurukaruka juu ya matako mpaka dunia nzima ikacheka, nani atamtafuta kwa Muteba?

Mzizi wa fujo hii ni kwamba Mzungu na sisi hatupangi majina namna moja. Kwao mtoto anapokea jina lake la kwanza, halafu jina la ukoo ambalo baba, babu na ndugu wote wanalo, na orodha zao zote zinafuata lile la ukoo. Kwetu, watoto sita wa baba mmoja wanaweza kuwa na majina sita, na hakuna hata moja la ukoo kwa maana ya Kizungu. Mwaka 1972 Rais Mobutu aliamuru majina ya kikristo yaachwe. Yeye mwenyewe akaacha Joseph-Désiré, akawa Mobutu Sese Seko. Mchezaji aliyeitwa Pierre Ndaye akabaki Ndaye Mulamba. Kisha, miaka miwili baadaye, karatasi za ekipe zikafika Ulaya. Kule mtu wa ofisi anaona majina mawili. Anajiuliza: lipi ni la ukoo? Kwa desturi ya kwao ni lile la mwisho. Basi mmoja anaandika Mulamba, mwingine anaandika Ndaye, na kila mmoja anaamini amefanya vizuri.

Hata kule kwao haiendi bila shida. Pelé wa Brazil aliandikwa nyumbani Edson Arantes do Nascimento. Ukifuata karatasi zake atakwenda kwa N, lakini ni nani duniani atamtafuta kule? Na Marekani wako na mchezo unaoitwa besiboli, wa kupiga mpira mdogo kwa rungu, na wao wanapenda orodha kuliko sisi. Wamewapanga kwa herufi ya ukoo wachezaji wote waliowahi kucheza ligi kubwa. Kwa miaka mingi jina la kwanza kabisa katika orodha ile lilikuwa Hank Aaron, mtu mweusi ambaye mwaka huo huo wa 1974, tarehe 8 Aprili, alivunja rekodi kubwa kuliko zote za mchezo ule, akaimaliza kazi yake na mapigo 755 ya kuvuka uwanja. Mwaka 2004 akaingia kijana mmoja, David Aardsma. Kwa sababu ya herufi d peke yake, akakaa mbele ya Aaron, na hakuna aliyelalamika. Alfabeti haina upendeleo. Haiulizi nani ni mkubwa.

Hapo ndipo wengine wenu wameniambia: "Kapita, wewe mwenyewe umesema alfabeti haina upendeleo. Basi N ao M, kuna hasara gani? Herufi ni herufi." Ndugu zangu, ni kweli kwamba herufi haimpunguzii mtu heshima. Lakini mtu akiwekwa mahali ambapo hawezi kupatikana, ni kama hayupo. Naomba mnisikilize juu ya huyu Ndaye.

Mwezi wa Machi 1974, kule Misri, Ndaye alifunga mabao 9 katika Kombe la Afrika moja. Mpaka leo hakuna aliyefikia hesabu hiyo katika Kombe moja. Fainali na Zambia ilikwisha mabao 2 kwa 2, ikachezwa tena siku mbili baadaye, Zaire ikashinda 2 kwa 0. Mabao yote manne ya Zaire katika fainali zile mbili ni yake. Miezi mitatu baadaye, tarehe 18 Juni, katika mji wa Gelsenkirchen, Zaire ilicheza na Yugoslavia. Yugoslavia ilikuwa imekwisha kufunga mabao manne, na ilikuwa dakika ya 22 tu. Wachezaji wetu wakamzunguka mwamuzi, Bwana Delgado wa Kolombia, kwa hasira. Mmoja akampiga teke kwa nyuma. Aliyepiga alikuwa Mwepu Ilunga. Mwamuzi akageuka, akatoa kadi nyekundu, akamfukuza Ndaye.

Fikirini. Namba 2 ndiye aliyefanya, namba 13 ndiye aliyetoka. Siku zile majina hayakuandikwa mgongoni. Katika Kombe la Dunia hayo yalianza mwaka 1994. Kulikuwa na namba tu, na sura ambazo yule mwamuzi hakuzijua. Ndaye alikataa kwamba si yeye, lakini hakusikilizwa. Mechi ile ikaisha 9 kwa 0. Mtu aliyekuwa mfungaji bora wa Afrika akaandikwa katika vitabu vya Kombe la Dunia kuwa aliyefukuzwa uwanjani kwa kosa la mwenzake.

Haikuishia hapo. Katika miaka ya 1990 Ndaye alikimbilia Afrika ya Kusini, akaishi kule kama mkimbizi na maskini. Mwaka 1998 Kombe la Afrika lilichezwa Burkina Faso, na habari ikafika kwamba Ndaye amekufa katika mgodi wa almasi nchini Angola. Watu wakasimama uwanjani, wakanyamaza dakika moja kwa heshima yake. Wakati ule ule Ndaye alikuwa hai, Cape Town. Alikuwa hana kazi, hana jina, na kule uwanjani wanamlilia! Alikufa kweli tarehe 26 Januari 2019, huko Johannesburg, miaka 21 baada ya ile dakika ya kunyamaza.

Sisemi kwamba mambo haya yote yaliletwa na N na M. Hapana. Ila nasema ni ugonjwa mmoja. Watu walimwandika bila kumwuliza. Katika orodha ya wafungaji aliwekwa mara huku mara kule. Katika orodha ya waliofukuzwa aliwekwa ingawa haikumpasa. Katika orodha ya wafu aliwekwa akiwa bado anapumua. Kila mara kulikuwa na mtu mwenye kalamu ao kadi mkononi, na kila mara angepaswa kuuliza swali moja fupi: "Wewe ni nani?"

Sasa tutoke Gelsenkirchen turudi Kalembe, kwa maana sisi tunaishi kwa orodha kuliko wachezaji. Mnamo Oktoba 2024 vita vilifika hapa hapa, na wengi wetu tulikimbia na familia zetu. Mahali tulipokimbilia waliandika majina ya kupokea maharagwe na mafuta. Mama yangu mdogo aliandikwa na kijana mmoja aliyetanguliza jina la ubatizo, Furaha. Siku ya kugawa waliita kwa alfabeti. Yeye alijua yeye ni wa M, akaenda kwanza kunyonyesha mtoto, akarudi wakati wa L. Wakaita M yote, hakusikia jina. F ilikuwa imepita asubuhi. Alilala siku ile bila kitu, yeye na watoto wanne, na chakula chao kilikuwa pale pale, kimeandikwa, kimehesabiwa. Hakuna aliyemwibia. Herufi ndiyo iliyomkosesha.

Na kaka yangu mkubwa, aliyemaliza sekondari mbali na hapa, jina lake na postinomu yake viligeuzwa katika fishi ya Mtihani wa Serikali. Alifaulu. Lakini diploma ilitoka na jina ambalo halikufanana na karatasi zake nyingine. Alipoomba kujiandikisha masomo ya juu wakamwuliza, "Huyu ni nani?" Akasema, "Ni mimi." Wakasema, "Onyesha." Alitumia miaka miwili na safari tatu za Goma ili kuonyesha kwamba yeye ni yeye. Mwaka mmoja baba aliuza mbuzi kwa ajili ya safari zile. Mbuzi alikwenda juu ya majina mawili yaliyobadilishana viti.

Kuna neno lingine ambalo naliandika kwa uangalifu, lakini nitaliandika. Hapa Masisi na Walikale, jina la mtu linasema kabila lake kabla yeye hajafungua kinywa. Ukisikia Kambale unajua, ukisikia Habimana unajua. Tumeona watu wakiulizwa jina njiani, na jibu likawa hatari. Kwa sababu hiyo napenda orodha ya alfabeti. Katika kitabu cha Hesabu wana wa Israeli walihesabiwa kwa makabila yao, kila mmoja chini ya bendera yake, na ilikuwa na sababu yake. Lakini orodha ya darasa letu inamweka Mhunde kando ya Mnyanga, Mnande kando ya Mnyarwanda, Mtembo kando ya Mkumu, kwa sababu tu majina yao yanaanza sawa. Hao wa K kumi wa mwaka 1974 hawakutoka kijiji kimoja wala jimbo moja. Herufi iliwaketisha pamoja, na mpira ukawaketisha pamoja. Ukimwandika mwenzako vibaya makusudi, ili jina lake lifanane na la kwenu ao lichekeshe, unaivunja ile benchi waliyokalia wote.

Sasa jibu langu. Ndaye aandikwe kwa N. Sababu si kwamba N ni jina la ukoo, kwa maana halipo. Sababu ni kwamba Ndaye ndilo jina ambalo wenzake walimwitia mpira, ndilo ambalo uwanja mzima ulipiga makelele, ndilo ambalo yeye mwenyewe alikuwa akiligeukia. Kwa sababu hiyo hiyo Pelé abaki kwa P, na Kidiaba abaki kwa K. Na kwa wale wanaotafuta kwa M, nimeandika katika kaye yetu kwenye ukurasa wa M mstari mdogo: "Mulamba: tazama Ndaye." Mstari mmoja tu wa wino, na hakuna anayepotea. Wale waliosema M wasione kama wameshindwa. Bila ubishi wao ule mstari usingekuwapo.

Kama kapita, tangu mwezi wa Januari nimefuata kanuni tatu ninapoandika orodha yoyote, iwe ya maji, ya kufagia, ao ya ekipe yetu ya mpira. Ninaziandika hapa kwa ajili ya yule atakayeshika kazi hii nyuma yangu. Ya kwanza: mwulize mwenye jina, "Unaitwa nani, na lipi linatangulia?" Usimwulize rafiki yake. Ya pili: mwache aandike mwenyewe kwa mkono wake mara moja, wewe ufuate maandiko yake, hata kama unaona angeandika vingine. Wako wanaoandika Tsh, wako wanaoandika Ch; si kazi yako kuwasahihisha. Ya tatu: kabla ya kuita, soma orodha nzima kwa sauti mbele ya wote, na ukimaliza uliza, "Nani hakusikia jina lake?" Halafu ngoja. Kungoja ndiko kugumu. Wenye haya hawanyoshi mkono haraka.

Kwa walimu wetu waheshimiwa nina ombi moja tu, nikilitoa kwa adabu. Kabla fishi za Mtihani wa Serikali hazijafungwa, tafadhali zibandikwe ukutani siku tatu, ili kila finalisti asome jina lake, postinomu yake na tarehe yake, na atie sahihi kando. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho tuko tayari kusaidia kazi hiyo jioni, bila kuomba kitu.

Na ninyi wenzangu wa mwaka wa mwisho, msione haya kwenda kutazama mara mbili. Chukueni karatasi ya kuzaliwa kama mnayo, chukueni buletini za miaka iliyopita, mlinganishe herufi kwa herufi. Tumesoma miaka hii kwa shida tunazozijua wote. Wengine walisoma wakiwa wamehama, wengine walikosa mwaka mzima, wengine walilipiwa na mama anayebeba mkaa mgongoni. Isiwe kwamba mwisho wa njia hiyo ndefu tutaitwa, na hatutasikia, kwa sababu tumewekwa chini ya herufi isiyo yetu.

Ile kaye ya wachezaji nitaiacha interna nitakapomaliza. Mrithi wangu asisahau kwamba kurasa za K zinahitaji kuongezwa. Na ukurasa wa A upande wa Wakongo bado una nafasi nyingi. Labda mmoja wa wadogo zetu wa darasa la saba, ambaye sasa anapiga mpira wa magome ya ndizi pale nyuma ya jiko, atakuja kuujaza. Siku hiyo, ninyi mtakaoshika biki, mwulizeni kwanza anaitwa nani.

Wenu katika kazi ya shule,

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa mwisho
Kalembe